Mhadhara Masikioni, Mbio Msituni

Wapo wanaokwenda msitu wa Karura kunyoosha viungo, na wapo wanaopenda kunoa bongo. Siku hizi wako pia wanaofanya yote mawili kwa pamoja. Ukimwona kijana akikimbia polepole huku ametia spika masikioni, usidhani lazima asikilize muziki. Huenda yumo darasani.

Msitu huu wa zaidi ya ekari 2,000 uko hapa hapa jijini Nairobi, na una lango upande wa barabara ya Limuru na jingine upande wa Kiambu. Ndani mna vijia vya udongo mwekundu, maporomoko ya maji, na mapango ambamo wapiganaji wa Mau Mau walijificha.

Kwa anayeanza, mhadhara mzuri ni ule wa marehemu Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa. Mnamo 1979 BBC ilimwalika kutoa mihadhara ya Reith, ambayo ilianzishwa 1948. Alitoa sita kuhusu hali ya Afrika, kila mmoja wa karibu nusu saa. Katika wa kwanza alieleza kitendawili: bara lililokuwa makao ya kwanza ya binadamu limekuwa la mwisho kukalika vyema.

Neno hilo lina uzito ukilisikia Karura. Katika miaka ya 1990 sehemu za msitu ziligawiwa watu binafsi ili wajenge. Mnamo Januari 8, 1999, Profesa Wangari Maathai alipokwenda kupanda mti, alivamiwa na genge na kujeruhiwa kichwani. Hata baada ya msitu kunusurika, watu wengi waliogopa kuingia kwa sababu ya majambazi. Ni baada ya ua kujengwa na msitu kufunguliwa rasmi 2011 ambapo familia zilianza kumiminika. Hotuba ambayo Maathai alitoa Oslo mwaka wa 2004, alipopokea Tuzo ya Amani ya Nobel, nayo yafaa kusikilizwa hapa.

Hata hivyo, kuna mambo ya kuzingatia. Pakua mhadhara ungali nyumbani. Chagua unaolingana na mwendo wako, na usishangae kilima kikikupokonya hoja. Rudia sehemu hiyo ukifika tambarare. Tia spika sikio moja tu, kwani waendesha baiskeli hupita na mizizi haipigi honi. Ukishatoka langoni, toa hata hiyo moja. Dereva wa matatu hana habari kwamba unasoma.

Nanyi wazazi, msiwaachie wanafunzi peke yao raha hii. Sikilizeni mhadhara mmoja pamoja, kisha mketi chini ya mti mjadiliane. Na mkimaliza, zimeni simu kidogo. Kimya kile mnachokisikia kilipiganiwa.