Risasi tatu zilizopungua

Nilikuwa Muleba kwa mjomba, na kilichonishika huko si senene wala siasa. Ni boksi dogo la risasi lenye umri mkubwa kuliko mama yangu.

Kisa ni hiki. Nyumba ya babu ilipata nyufa kwenye lile tetemeko la Septemba 10, 2016. Kila mwaka tukawa tunasema tutaibomoa, mpaka safari hii mjomba akaamua kweli. Ndani ya sanduku la bati, chini ya kanzu za marehemu, ikatoka bunduki ya .22 iliyoviringishwa kwenye khanga, na boksi la Eley kutoka Birmingham, Uingereza. Babu alikuwa karani Bukoba mjini enzi za mkoloni. Hadithi ya ukoo ni kwamba Mzungu mmoja aliyependa kulenga shabaha alimwachia vitu hivyo alipofunga mizigo baada ya Uhuru wa 1961.

Mjomba alikuwa na furaha, maana tumbili wanamtesa sana kwenye mahindi. "Hizi ni za mashindano, mjomba," akaniambia. "Mzungu hatunzi takataka."

Mimi nilipoziona tu nikakumbuka Mbagala, Aprili 29, 2009, na Gongo la Mboto, Februari 16, 2011. Nilikuwa mtoto wa shule Dar, madirisha yalitikisika, tukakimbia bila viatu. Najua risasi ya .22 si bomu, lakini mwili hausikii hoja. Nikazipiga picha, nikamtumia mzee mmoja wa Bukoba, mwanajeshi mstaafu ambaye ujanani alishindana kulenga shabaha. Nilitegemea jibu la mistari miwili. Akapiga simu.

"Usipande nazo haisi kuja huku. Nakuja mwenyewe."

Akaja kesho yake na mzani mdogo wa sonara mfukoni. Akakaribishwa kwa kahawa ya kutafuna kama ilivyo desturi, akakaa mkekani, akaanza kuzitoa moja moja.

Jamani, nilijifunza mambo. Risasi ya aina hii haina kile kifataki cha katikati ya kitako kama za bunduki kubwa. Dawa yake ya kuwasha imesambazwa ndani ya ukingo wa kitako, na pini ya bunduki huuponda ukingo huo. Ikiwa dawa imemeguka sehemu moja kwa uzee, pini ikapiga hapohapo, risasi inakataa. Ukiizungusha kidogo ukapiga upande mwingine inaweza kuitika. Kwa macho huwezi kujua.

Macho yana kazi yake hata hivyo. Alinionyesha unga mweupe kwenye risasi mbili tatu: hiyo ni kutu ya madini ya risasi yenyewe. Ukijani kwenye ganda la shaba ni unyevu. Mafuta ya nta yaliyopakwa kiwandani yalikuwa yamekauka kama mshumaa wa zamani. Akashika kichwa cha risasi moja kwa vidole, akakizungusha taratibu. Kikazunguka. Akaiweka pembeni bila kusema kitu. Bukoba na mvua zake zile, miaka sitini ndani ya bati!

Nikamuuliza mzani ni wa nini. Akacheka. Wapenda shabaha hupima risasi ili watenge zilizolingana, akasema, nami nione mwenyewe kwa nini haitoshi. Risasi nzima ina gramu 3.3 hivi. Kichwa peke yake ni gramu 2.6, baruti haifiki hata gramu 0.1. Sasa mzani ukionyesha tofauti, ni ya baruti au ya madini? Hausemi. Na tofauti ndogo ya baruti ndiyo inayoharibu. Risasi za mashindano hutoka na mwendo wa kama mita 330 kwa sekunde, chini kidogo ya mwendo wa sauti. Moja ikipungua mita 10 tu, kwenye shabaha ya mita 50 itaangukia milimita 7 chini ya mwenzake. Duara la pointi 10 lina upana wa milimita 10.4. Piga hesabu.

Kwa hiyo risasi za zamani hupimwa kwa kuzipiga, nyingi, za toleo moja, kwenye bunduki moja, uone zinaangukia wapi. Hapa nikaona ubaya wake. Kahawa ukitafuna punje moja, angalau punje hiyo umeijua. Risasi ukiijua, imeshakwisha, na iliyobaki pembeni yake haijakuahidi chochote.

Mzee akamaliza kuhesabu. "Boksi huwa na 50. Hapa kuna 47."

Mjomba akaangalia mgomba.

"Bwana mdogo, nakuuliza kwa heshima. Tatu ziko wapi?"

Alikuwa amezijaribu wiki iliyopita, kabla sijafika. Ya kwanza ililia vizuri. Ya pili ilikataa, akaitoa papo hapo akaitupa (mzee akafumba macho: iliyokataa huweza kuchelewa kuwaka, unangoja angalau nusu dakika mtutu ukiwa umeelekea salama). Na ya tatu?

"Ilikohoa tu. Nikaona nipumzike."

Mzee akaomba bunduki. Akafungua, akahakikisha ni tupu, akapitisha ufito mwembamba kutokea mdomoni mwa mtutu. Ukaenda, ukaenda, ukagota. Akausukuma tena. Ukagota palepale. Baruti ilikuwa na unyevu, fataki ikawa na nguvu ya kukisukuma kichwa mpaka katikati tu. Risasi ya nne ingekutana nacho humo ndani, na mtutu huvimba au kupasuka karibu na uso wa aliyelenga.

Hakuna aliyebisha tena. Leseni ilikuwa ya babu na ilikwisha naye, hivyo jioni ile tulimwita mwenyekiti wa kijiji, na kesho yake polisi wakaja kuchukua vyote viwili. Kwenye karatasi wakaandika risasi 47.

Usiku, tukila matoke, nikamuuliza mjomba alipokuwa anapiga zile tatu nani alikuwa karibu. Akataja jina la mwanawe wa mwisho, wa miaka tisa. Ndiye aliyekuwa amemshikia boksi.