Betri moja, nyumba mbili: hesabu yetu ya umeme kati ya Dubai na Muheza

Wifi yangu anaishi Manchester. Ana paneli za sola juu ya paa, betri ukutani na gari la umeme nje ya mlango. Tangu ajiunge na kifurushi cha umeme wa usiku hana mazungumzo mengine. Kwenye kundi letu la familia anauliza karibu kila wiki: "Na ninyi wa Dubai mmechukua kifurushi gani?" Mdogo wangu anayesoma Ujerumani naye ameingia. Kule, tangu Januari 2025, kila kampuni ya umeme lazima iwe na bei inayopanda na kushuka kufuata soko, basi yeye anafua nguo Jumapili mchana jua likiwaka, kwa sababu ndipo umeme unaposhuka bei.

Nimeamua kulijibu swali la wifi hapa, kwa sababu najua linazunguka kwenye familia nyingi zetu, na kwa sababu mwaka uliopita lilitulazimisha mimi na mume wangu kuamua pesa yetu ya akiba iende wapi.

Jibu fupi ni kwamba Dubai hakuna kifurushi. Muuza umeme ni mmoja, DEWA, na bei ni moja mchana na usiku. Kinachobadilika ni kiasi unachotumia kwa mwezi. Uniti 2,000 za kwanza ni fils 23 kila moja. Kutoka hapo hadi 4,000 ni fils 28, kutoka 4,000 hadi 6,000 ni fils 32, na zaidi ya hapo ni fils 38. Juu yake kuna nyongeza ya mafuta, ambayo hubadilika na kwa hesabu zangu naichukulia kuwa fils 6, kisha VAT ya asilimia 5. Kwenye bili hiyo hiyo kuna maji, na sisi wageni tunalipa pia ada ya nyumba ya manispaa, ambayo ni asilimia 5 ya kodi ya mwaka iliyogawanywa kwa miezi 12. Nyumba ya kodi ya dirhamu 100,000 inalipa karibu 417 kila mwezi kabla hujawasha taa hata moja. Wengi wakiona bili ya kwanza hulaumu AC, kumbe sehemu kubwa ni ada hiyo.

Kwa anayekuja kupanga, chaguo la kwanza la umeme hufanyika siku ya kutafuta nyumba. Majengo mengi ya ghorofa hapa hayana AC ya nyumba kwa nyumba. Yanapozwa kwa mitambo ya pamoja, na bili ya ubaridi huja peke yake kutoka kampuni nyingine, ikiwa na ada ya kudumu unayolipa hata ukisafiri. Mengine mwenye nyumba ndiye anayebeba ubaridi huo, na kodi huwa imepanda kidogo. Fleti mbili za kodi sawa zinaweza kutofautiana sana mwezi wa Agosti kwa sababu hiyo tu. Uliza kabla ya kusaini: ubaridi analipa nani? Na uwe na amana ya DEWA mkononi, dirhamu 2,000 kwa fleti na 4,000 kwa nyumba ya chini.

Paneli za mwenye nyumba

Sisi tulihama fleti tukapanga nyumba ndogo ya safu ambayo mwenyewe alishafunga paneli za kilowati 5 chini ya mpango wa Shams Dubai, ulioanza 2015. Utaratibu wake ni rahisi kueleweka. Mita inahesabu pande mbili. Mchana, paneli zikizalisha kuliko tunavyotumia, ziada inaingia kwenye gridi na tunaandikiwa. Usiku tunachukua, na mwisho wa mwezi tunalipia tofauti. Ziada ikibaki inasogezwa mbele kupunguza bili zijazo. Hulipwi taslimu.

Nichukue Agosti. Nyumba yetu inakula kama uniti 2,900, nyingi zikiwa za AC, maana mimi nikitoka zamu ya usiku nalala mchana, wakati nje ni nyuzi 43. Gari la umeme, tulilolinunua likiwa limetumika, linakula kama 270 kwa kilomita 1,500. Jumla ni 3,170. Bila paneli tungelipa karibu dirhamu 1,027 kwa umeme peke yake. Paneli zikitoa 750 tunabaki na 2,420, na bili inashuka hadi karibu 759. Tofauti ni dirhamu 268. Januari tofauti ni kama 170 tu, kwa kuwa tunatumia kidogo na uniti zote ziko kwenye ngazi ya chini.

Gari lenyewe, uniti zake zikiwa kwenye ngazi ya pili, linakula chini ya dirhamu 100 kwa mwezi. Kwa umbali huo huo, gari la petroli linalokunywa lita 8 kwa kilomita 100 lingetaka lita 120. Kwa dirhamu 2.60 kwa lita, hiyo ni 312. Na kwa kuwa bei ya umeme haijali saa, hatuna haja ya kungoja usiku kuchaji kama wifi. Baba Salma akirudi kazini anachomeka tu.

Kijana wa betri

Kisha akaja kijana wa kampuni moja ya sola na karatasi zake. Betri ya uniti 10, dirhamu 18,000 pamoja na kufungwa. "Betri ni yenu, mkihama mnahama nayo," alisema. Tungehifadhi umeme wa mchana tuutumie usiku, na bili ingeyeyuka.

Mume wangu aliipenda palepale, na namwelewa. Alikulia Temeke. Mgao wa 2006 na ule wa 2011 anaukumbuka vizuri: mishumaa, jenereta za majirani, nyama kuharibika. "Mama Salma, umeme si kitu cha kukiamini," aliniambia. "Paneli tunazo, gari tunalo, kilichobaki ni betri."

Nilichukua kalamu. Bila betri, uniti 10 za ziada zinakwenda kwenye gridi mchana na usiku tunarudishiwa 10. Tukiziweka kwenye betri, usiku zitatoka kama 9, kwa kuwa kila betri hupoteza kidogo inapopokea na inapotoa. Yaani tungelipa dirhamu 18,000 ili tupoteze uniti moja kila siku. Kwa mpango wa Shams, gridi yenyewe inafanya kazi ya betri bila malipo.

Kwa wifi Manchester hesabu ni nyingine, na hakukosea. Kifurushi chake kina bei ya chini sana kuanzia saa 5:30 usiku hadi saa 11:30 alfajiri, na mchana bei inapanda mara kadhaa. Anajaza gari na betri usiku kwa bei ya chini, anatumia betri jioni, na umeme wa paneli anauuza kwa utaratibu ambao tangu Januari 2020 unazitaka kampuni kubwa za Uingereza kununua umeme wa nyumbani. Wenzetu wa California nao, waliofunga paneli baada ya Aprili 2023, wanalipwa kidogo sana kwa ziada yao kuliko waliotangulia, ndiyo maana wengi sasa wanafunga na betri. Mahali ambapo bei inatofautiana kwa saa, au ziada inanunuliwa kwa bei ya kutupa, betri ina kazi. Kwetu haina.

"Na ukikatika je?" akauliza Baba Salma. Nikamwonyesha takwimu ya DEWA: mwaka 2023 walitangaza kwamba kwa wastani mteja alikosa umeme dakika 1.06 kwa mwaka mzima. Akanyamaza. Kisha akasema jambo ambalo mimi nilikuwa nalo moyoni kwa miezi: "Basi betri inatakiwa kwa Mama."

Muheza

Mama yangu ana kisukari na anatumia insulini. Wakati wa mgao wa 2023 umeme Muheza ulikuwa unakwenda asubuhi na kurudi jioni, au unaondoka usiku bila taarifa. Mimi ni muuguzi, na najua kwamba insulini haiharibiki kwa friji kuzimika saa chache. Chupa ambayo haijafunguliwa inataka nyuzi 2 hadi 8, na iliyofunguliwa kwa kawaida inavumilia joto la chumba, lisizidi 25 au 30 kutegemea aina, kwa takriban wiki 4. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva na MSF walichapisha matokeo kutoka kambi ya Dagahaley, Dadaab, yakionyesha kwamba aina walizopima zilibaki na nguvu kwa wiki 4 kwenye joto lililopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Hata mtungi wa udongo wenye maji husaidia. Haya yote nilimweleza Mama kwa simu.

Lakini aliyekuwa gizani ni yeye. Alikuwa akiishika chupa, akiona haina ubaridi, anaiogopa. Mbili alizitupa. Ili ile anayoiamini isiishe, akaanza kupunguza dozi bila kumwambia mtu. Kaka yangu alimkuta siku moja hawezi kuinuka, wakamkimbiza hospitali, sukari ikiwa 24. Alilazwa siku nne. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, alisema, "Mwanangu, ungehangaika huko na wewe uko kazini."

Basi tukaanza hesabu ya nyumba ya pili. Friji yake ndogo inakula kama uniti 1 kwa siku. Taa sita, televisheni ya jioni na simu ni nusu uniti na ziada kidogo. Betri ya lithiamu ya uniti 2.5, inveta na paneli mbili za wati 450 zinatosha: mchana zinajaza betri, na jua likikosekana betri inabeba siku nzima na usiku wake. Pamoja na fundi na kufungwa, ilifika kama shilingi milioni 3.6, sawa na dirhamu 5,200. Haifiki theluthi ya betri ya Dubai.

Kaka aliuliza swali la haki. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ni la megawati 2,115, mtambo wa kwanza uliwashwa Februari 2024, mgao umepungua, sola ya nini? Na kwa upande wa bili ana hoja nzito kuliko alivyodhani. Mama yuko kwenye daraja la watumiaji wadogo la TANESCO, ambapo kwa bei zilizopangwa 2016 uniti ni shilingi 100 hadi uniti 75 kwa mwezi, na zaidi ya hapo 350, kabla ya kodi na tozo. Tukimwondolea uniti 45 kwenye LUKU anaokoa kama shilingi 5,500 kwa mwezi. Ukigawa milioni 3.6 kwa hiyo, mtambo unarudisha pesa yake baada ya zaidi ya miaka 50.

Nilimwambia ukweli huo huo. Kwa kuokoa bili, sola ya Mama ni hasara. Tunanunua zile siku ambazo bwawa linazalisha vizuri lakini nguzo imeanguka kwa mvua au transfoma imeungua, na Mama yuko peke yake na chupa mkononi. Hakubisha tena. Ndiye aliyesimamia fundi, na ndiye aliyehakikisha kwamba chupa zinakaa mbali na sehemu ya kugandishia, maana insulini ikiganda ni ya kutupwa.

Pesa iliyobaki tuliiweka kwenye ada ya shule ya Salma. Kijana wa betri nilimpigia kumshukuru na kumkatalia.

Kabla hujauliza kifurushi kipi

Kwa mliopo Ulaya, Marekani au hapa Ghuba, nawashauri kuanza na maswali haya. Je, bei ya umeme kwako inabadilika kwa saa? Kama haibadiliki, saa ya kuchaji gari si kitu, angalia jumla ya mwezi. Ziada ya paneli unarudishiwa uniti kwa uniti, au unalipwa bei ndogo? Kama ni uniti kwa uniti, betri haitakuokolea pesa. Umeme unakatika mara ngapi, na ukikatika nani anaumia? Na kama umepanga, mkataba wako ni wa muda gani, na paneli na mita zimesajiliwa? Mkataba wa mwaka mmoja haulipi kitu kinachorudisha pesa yake baada ya miaka saba.

Swali la nani anaumia liulizeni kwa nyumba zote mnazozitunza, pamoja na ile ya nyumbani mnayoitumia pesa. Na kama mna mzazi mwenye kisukari, msimuulize tu kama dawa ipo. Mwambieni awaonyeshe kwenye kamera anaitunza wapi na amebakiza chupa ngapi, kisha hesabuni pamoja naye dozi za wiki iliyopita.

Mama sasa ana kipimajoto kidogo ndani ya friji. Kila asubuhi ananitumia picha yake: nyuzi 5, nyuzi 6. Mwezi Aprili nguzo mbili zilianguka kwa mvua na mtaa ukakaa gizani siku mbili. Picha zilifika zote mbili, na ya pili aliandika chini yake kwamba majirani wamekuja kuchaji simu, nimwambie fundi ni ngapi zinaruhusiwa.