Watu wa Matanga wa Mvita

Mtu wa bara afikapo Mombasa kwa mara ya kwanza huonyeshwa mambo matatu: Ngome ya Yesu, bandari ya Kilindini, na feri ya Likoni. Hayo ni mambo makubwa, na ni haki mgeni ayaone. Lakini liko jambo la nne ambalo wageni wengi hulipita bila kuligeukia. Nalo ni watu waendao baharini si kwa kuvua, wala kupakia shehena, wala kuvusha abiria, bali kwa kujifurahisha tu. Chombo chao ni kidogo, faida yao haihesabiki kwa shilingi, na maneno yao ni mengi kuliko samaki wa soko zima. Hata hivyo, mwenye kuketi karibu nao saa moja tu huondoka na mafunzo ambayo pengine hakuyapata darasani.

Yafaa kwanza msomaji auelewe mji wenyewe. Mombasa, ambayo jina lake la kale ni Mvita, ni kisiwa kilichokumbatiwa na mikono miwili ya bahari. Mmoja ni wa Kilindini, wenye kina kirefu, ambako meli kubwa hutia nanga. Wa pili ni wa Tudor, upitao chini ya Ngome na mbele ya Mji wa Kale, ukaingia ndani hadi kwenye mikoko. Katika mkono huo wa pili ndiko iliko Bandari ya Kale. Msafiri Ibn Battuta alifika kisiwani mwaka 1331. Wareno walianza kuijenga Ngome mwaka 1593, kwa ramani ya Mwitaliano aitwaye Giovanni Battista Cairati. Waarabu wa Omani waliizingira tangu mwaka 1696, wakaitwaa Desemba 1698. Katika vita hivyo, mwaka 1697, merikebu ya Wareno iitwayo Santo António de Tanná ilizama mbele ya Ngome. Wapiga mbizi waliichunguza tangu mwaka 1977, na baadhi ya vitu vyake huonekana leo katika jumba la makumbusho lililomo Ngomeni.

Basi maji hayo ambayo leo vijana huyachezea yaliwahi kuwa maji ya damu. Wenyeji wanalijua jambo hilo, wala hawalisemi kwa majonzi. Mmoja akimwona mwenzake amekwama kwenye mchanga karibu na Ngome, humwita kwa sauti, "Nahodha, wangojea Wareno warudi?" Naye aliyekwama hujibu, "Nimewasikia njiani, wamesema watapita kwako kwanza."

Mji wa Kale wenyewe una njia nyembamba, milango iliyonakshiwa, na roshani zinazoinamia barabara. Msikiti wa Mandhry, ambao ni miongoni mwa misikiti ya kale kisiwani, una mnara wake mweupe. Si mbali nao, Mabohora wana msikiti wao unaotazama maji. Wahindu na Majaini wana mahekalu yao mjini, na Wakristo wana makanisa yao. Waswahili wa asili wa mji huu wamegawanyika katika mataifa kumi na mawili: Thelatha Taifa na Tisa Taifa. Pande hizo mbili zimeshindana tangu zamani, kwa ngoma, kwa mashairi, na kwa mambo ya utawala. Lakini pia zimeoana na kuzikana. Watu wanaoishi karibu hivyo, katika njia ambazo mikono miwili ikinyoshwa hugusa kuta zote mbili, hawana budi kujifunza kuvumiliana. Asiyeweza hukosa pa kupita.

Sasa na tuje kwenye upepo, maana bila upepo habari hii haina mwendo. Pwani hii ina pepo mbili kubwa. Kaskazi huvuma tangu yapata Desemba hadi Machi. Kusi huanza yapata Aprili na kuendelea kwa miezi mingi. Kwa karne nyingi vyombo vya Uarabuni, vya Ghuba na vya Bara Hindi vilikuja kwa kaskazi na kurejea kwa kusi, navyo viliijaza Bandari ya Kale kila mwaka. Baada ya vita kuu ya pili, injini zilianza kuchukua mahali pa matanga, na safari zile kubwa zikapungua hadi zikakoma. Lakini tanga halikufa. Lilibaki kwenye ngalawa, kwenye mashua na kwenye jahazi. Na vijana wa visiwani wakaendelea kulipenda hata pale lilipokuwa halileti fedha kama zamani.

Tena kuna kujaa na kupwa. Maji ya Mombasa hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, tofauti baina ya maji makuu na maji makavu hupita futi kumi. Kwa hiyo mpenda matanga hatazami saa ya mkononi peke yake. Hutazama na mwezi. Karani atokaye ofisini mwisho wa juma aweza kukuta maji yamekwisha kumkimbia, na mashua yake imelala ubavu juu ya tope kama ng'ombe aliyeshiba. Hapo huketi akingoja. Na wakati wa kungoja ndio wakati wa mzaha.

Mzaha wa watu wa chombo una adabu zake. Haumgusi mtu mama yake, wala dini yake, wala umaskini wake. Hugusa chombo chake, tanga lake, na ujuzi wake. Mmoja huuliza, "Ami, hii ni mashua au karai la kufulia?" Mwenye mashua hujibu, "Karai langu laelea. Chako wewe maji yamo ndani kuliko nje. Samaki wakikiona hudhani ni kisima." Mwingine husema, "Huyu hajui joshi wala demani." Naye hujibiwa, "Nisiyejua ni mimi, lakini aliyetazama tezi yangu tangu darajani hadi Ngomeni ni nani?" Wazee waliokaa barazani hucheka, na aliyeshindwa kwa neno hununua kahawa.

Desturi hii ya kujibizana ni ya kale mjini. Muyaka bin Haji, mshairi mashuhuri wa Mombasa aliyefariki yapata mwaka 1840, alijulikana kwa mashairi ya kujibizana na washairi wa miji mingine, hasa Lamu, katika siku ambazo miji hiyo ilikuwa ikigombana. Na mzee Ahmed Sheikh Nabhany, aliyezaliwa upande wa Lamu na kuishi sana Mombasa hadi kufa kwake mwaka 2017, alitunga utenzi uitwao Sambo ya Kiwandeo, uliochapishwa mwaka 1979, ili majina ya viungo vya chombo na kazi ya waundaji yasipotee. Kwa hiyo kijana ajuaye kutofautisha foromali na mlingoti, na omo na tezi, hashiki kamba tu, ameshika pia neno la babu zake.

Lakini mzaha una mpaka, na mpaka huo ni hatari. Bahari haina utani. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama upande wa Kilindini, wakafa watu zaidi ya 250. Tangu siku ile hakuna mtu wa Mombasa anayehitaji kuelezwa kwamba maji yaweza kumgeuka mtu mbele ya macho ya jamaa zake. Ndiyo maana katika watu wa matanga kuna sharti lisiloandikwa ukutani: ugomvi wote huachwa nchi kavu.

Sababu ya sharti hilo ni nyepesi kuifahamu. Tuseme watu wawili wamekosana. Mmoja aliazima nanga asirudishe, au aligonga ubavu wa mashua ya mwenzake akaondoka bila kusema neno. Wamenuniana mwezi mzima. Wakikutana njiani kila mmoja hutazama ukuta wake. Siku moja upepo wa ghafula unampindua mmoja wao mkononi mwa Tudor, karibu na magharibi. Nani yuko karibu? Ni yule yule wa nanga. Je, alegeze tanga amwendee, au ageuze uso? Wazee hawalijibu swali hilo kwa hotuba. Husema tu, "Aliye majini humtoa kwanza, deni lake mdai akisha kukauka." Na mara nyingi, akisha kukauka, deni lenyewe huwa limekuwa dogo.

Hata sheria za kimataifa za bahari, zilizotungwa mwaka 1972, zina roho hiyo hiyo. Vyombo viwili vya tanga vikikaribiana, na kila kimoja kinapigwa na upepo kwa upande wake, kile kipatacho upepo kwa kushoto humpisha mwenzake. Vikiwa vyote vyapata upepo upande mmoja, kilicho juu ya upepo humpisha kilicho chini yake. Lakini sheria haikuishia hapo. Yasema pia kwamba mwenye haki ya kupita, akiona kuwa mwenzake peke yake hawezi tena kuepusha ajali, naye sharti afanye awezalo kuiepusha. Maana yake ni kwamba haki si ruhusa ya kumgonga aliyekosea. Ni wangapi nchi kavu, katika kesi za mipaka ya mashamba na za mirathi, wamevunja ukoo mzima kwa kuwa walikuwa na haki na hawakutaka kupunguza mwendo?

Na kanuni za mashindano ya matanga, zitumikazo na vilabu ulimwenguni kote, zina jambo zuri zaidi. Nahodha akimkosea mwenzake katika mashindano, hahitaji kungoja kushtakiwa. Aweza kujiondoa kando mara moja, akazungusha chombo chake mizunguko miwili kamili, kisha akaendelea na safari. Akisha kuzunguka, kosa lake limekwisha. Hakuna wa kumkumbusha ufukweni. Lakini kama ameleta madhara makubwa, au amepata faida kubwa kwa kosa lile, mizunguko haitoshi: sharti atoke katika mashindano. Tena aliyepoteza nafasi kwa kusimama kumwokoa mtu aliye hatarini aweza kuomba afidiwe nafasi yake. Hapa mna mizani nzuri ya msamaha. Mkosaji hukiri kwa kitendo, hulipa kwa kupoteza muda, naye hurudishwa miongoni mwa wenzake. Msamaha usio na mzunguko hata mmoja humfanya mkosaji kuwa mjeuri, na adhabu isiyo na mwisho humfanya kuwa adui.

Haifai kusema kwamba starehe ya bahari imekuwa ya watu wote sawasawa siku zote. Katika enzi ya ukoloni vilabu vya Wazungu vilikuwa vya Wazungu, na Mwafrika aliyekanyaga humo aghalabu alikanyaga akiwa na sinia mkononi. Wakati ule ule, ng'ambo ya ukuta, mvuvi wa ngalawa alikuwa akiyajua maji yale yale kwa mwendo wa kiganja chake. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, na mambo yakabadilika pole pole. Kovu la namna hiyo halifutwi kwa neno moja. Lakini siku hizi waweza kusikia mwenye mashua ya mbao na mwenye mashua ya kisasa wakibishana juu ya wingu moja, kila mmoja akidai kuwa yeye ndiye aliyeliona kwanza. Kubishana juu ya wingu ni maendeleo, ukilinganisha na kutosemezana.

Wako wasemao kwamba haya yote ni upuuzi, na kwamba mtu mzima akiwa na nafasi heri alime au atafute fedha. Hoja hiyo ina nguvu yake, kwa maana chakula hakipatikani kwa kutazama tanga. Lakini mkulima ajua kwamba shamba lisilopumzishwa huchoka, na karani ajua kwamba hesabu zifanywazo na mtu aliyechoka hurudiwa kesho. Starehe njema ni ile ambayo mtu hurudi nayo nyumbani akiwa mpole kuliko alivyotoka. Starehe ya chupa mara nyingi humrudisha akiwa mkali. Starehe ya tanga humrudisha akiwa amelowa, ana njaa, na ana kisa cha kuwasimulia watoto.

Tena tanga lenyewe ni mwalimu wa uvumilivu. Upepo ukizidi ghafula, nahodha mjinga huikaza demani kwa hasira, na chombo hupinduka. Mjuzi hulegeza kidogo, tanga likamwaga upepo, chombo kikasimama. Kisha huvuta tena taratibu. Kulegeza si kushindwa. Ni kukubali kwamba upepo una zamu yake nawe una yako. Mtu mmoja wa Mji wa Kale, akitaniwa kwamba husamehe upesi mno, huwajibu wenzake, "Mara tatu nitamsamehe mtu, mara ya nne nitampa kasia apige mwenyewe." Nao humkumbusha kuwa amekwisha kuifikia mara ya saba, na kasia bado analo yeye.

Msomaji atakayepata ruhusa ya kwenda Mombasa, akisha kuiona Ngome, na ashuke jioni moja maji yakijaa, aketi karibu na Bandari ya Kale. Anunue kahawa na kashata, asiwe na haraka. Ataona matanga yakirudi, na kabla hayajakunjwa atasikia masuto na majibu. Atakapoona wawili waliotukanana vyombo vyao tangu darajani sasa wanashikana mkono ili mmoja aruke nchi kavu, na asishangae. Kesho maji yatajaa tena, na kila mmoja atamhitaji mwenziwe amshikie kamba.