Kutoka Sanga hadi soko la Kamina: makuta ya parkingi



Juma hili tunawaletea habari za njia ambayo wengi wetu tunaijua kwa miguu: ile inayotoka kwetu Sanga kwenda Kamina mjini. Siku ya soko tunaondoka jogoo la kwanza, kinga zikiwa zimebeba mahindi, muhogo na makala. Anayesukuma hapandi, kwa sababu mzigo ndio umekalia kiti. Mvua ikinyesha, udongo unashika magurudumu. Kiangazi kikifika, mchanga ndio unayashika. Katikati ya njia tunapumzika, tunakula kalanga, tunanyonyesha, tunaendelea.

Kamina ni mji wa reli. Njia ya gari la moshi inayotoka Lubumbashi inagawanyika hapa: mkono mmoja unaelekea Kananga na Ilebo, mwingine Kabalo na Kalemie. Tangu mwaka 2015, Katanga ilipogawanywa, Kamina ni mji mkuu wa jimbo la Haut-Lomami. Watu wameongezeka, pikipiki zimeongezeka, na pembeni ya soko hata nafasi ya kuweka kinga imekuwa kitu cha kulipiwa.

Hapo ndipo tulipopata shida msimu uliopita. Kijana wa kikundi kinachosimamia parkingi alipokea makuta yetu asubuhi bila kutoa jeto. Saa nane, tulipomaliza kuuza, tulikuta kinga tatu zimefungwa mnyororo. Akasema tumepitisha saa, kila kinga ilipiwe amande ya franka 10.000. Hakukuwa na kibao chochote cha saa wala cha bei. Franka 30.000 zilikuwa karibu faida yetu yote ya siku ile. Ndani yake kulikuwa na madaftari ya shule na dawa ya mtoto mmoja.

Hatukupiga kelele. Tulimwomba vitu vitatu: jina la aliyemtuma, karatasi inayompa ruhusa, na kitansi yenye muhuri. Hakuwa na hata kimoja. Mama mmoja akabaki kulinda kinga, wengine tukaenda komini. Mama ambaye hajasoma ndiye aliyekuwa na hesabu zote kichwani. Yeye alisema, sisi tukaandika. Ukurasa mmoja ulitosha: tarehe, saa, idadi ya kinga, kiasi tulicholipa, kiasi tulichodaiwa, majina ya walioona. Mwishoni tuliomba jambo moja tu, amande ifutwe. Tuliandika nakala mbili. Moja ilibaki ofisini, ya pili tulirudi nayo ikiwa na muhuri na tarehe ya kupokelewa. Jioni mnyororo ulifunguliwa bila amande. Juma lililofuata tulikuta kibao cha bei kimewekwa.

Kwa nini karatasi ile ilikuwa na nguvu? Kifungu cha 174 cha Katiba yetu ya mwaka 2006 kinasema kodi haiwezi kuwekwa ila kwa sheria. Tena iko sheria namba 18/004 ya tarehe 13 Machi 2018, inayoorodhesha kodi na malipo ya majimbo, miji, komini, sekta na usultani. Basi anayekudai kwa jina la komini aonyeshe anakudai kwa ruhusa gani. Kifungu cha 27 nacho kinampa kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wengine, haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya serikali, nayo ijibu katika miezi mitatu. Hakuna anayeweza kushitakiwa kwa sababu ameandika ombi hilo. Mama anayeogopa kufungwa kwa ajili ya barua na alijue neno hili.

Wenye watoto Uingereza watasikia shida hii kwa umbo lingine. Kule kampuni za parkingi zinatuma barua zinazofanana na amande ya serikali, kumbe ni dai la kampuni tu. Mtu anaiandikia kampuni kwanza, kwa kawaida ndani ya siku 28. Ikikataa, wako waamuzi wa nje kama POPLA, na mlalamikaji halipi kitu. Lakini si kila mtu anashinda. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu kabisa ya nchi ile iliamua kwamba Barry Beavis alipe pauni 85, kwa kupitisha karibu saa moja kwenye parkingi ya maduka huko Chelmsford. Sababu moja kubwa ni kwamba vibao vilikuwa vikubwa na vilisomeka wazi. Basi huko na huku, kwanza tuangalie kibao.

Hatusemi tukatae kulipa. Anayelinda kinga zetu kutwa nzima jua likiwaka anastahili jasho lake. Tunasema tulipe bei iliyoandikwa, tupewe jeto, na tuliweke katika fundo la kitenge mpaka tufike nyumbani. Tukidaiwa zaidi, tuulize kwa heshima, twende watatu au wanne, tuandike siku ile ile kabla hatujasahau saa na hesabu.

Ambaye hajui kuandika asinyamaze. Aje na jeto lake na mashahidi wake kwenye mkutano wetu, tutaandika naye, na barua ataipeleka yeye mwenyewe.