Siku ya Theluji katika Bustani ya New York



Neno theluji twalisoma katika Zaburi na katika kitabu cha Nabii Isaya, nasi walimu twalifundisha mwaka hata mwaka kwa watoto wasioijua. Walio karibu na Kilimanjaro huinua macho asubuhi wakaiona kileleni, nyeupe, mbali. Wa pwani hawana hata hilo. Mwalimu husema, "Ni kama pamba," kisha huendelea na somo. Basi, kwa kuwa sisi tulijaliwa kuikanyaga kwa miguu yetu, tena katika bustani iliyo katikati ya mji mkubwa kuliko yote ya Marekani, twaona vema kuwaandikia habari zake.

Tulikuwa watatu, walimu wa dini, wageni wa kanisa moja la Wamarekani weusi katika mtaa wa Harlem, mjini New York, mwezi wa Januari mwaka 2016. Ijumaa usiku, tarehe 22, theluji ikaanza kuanguka, na Jumamosi kutwa haikukoma. Haishuki kama mvua, wala haina kishindo cha mvua ya mawe. Upepo ukitulia, huelea na kuzunguka kama manyoya ya kuku. Upepo ukivuma, huenda upande upande kama unga upeperushwao kutoka katika ungo. Tangu saa nane na nusu mchana wakuu wa mji walikataza watu kuendesha magari, ila wenye kazi za lazima, hata saa moja asubuhi ya Jumapili. Ilipokwisha kuanguka, kipimo cha bustanini kilionyesha inchi 27 na nusu, yaani karibu sentimita 70. Tangu mwaka 1869, walipoanza kuweka hesabu hiyo, haijapimwa hapo tufani ya theluji iliyoleta nyingi kuliko ile.

Jumapili jua likatoka, na mbingu ikawa buluu safi. Baada ya ibada, mama mwenyeji wetu, mzee wa kanisa lile, akatugawia mabuti na mifuko ya mikono ya sufu, akasema, "Wanangu, siku kama hii haifai kukaa ndani. Twendeni bustanini. Tutaanza kwenye michezo ya watoto, kisha nitawapeleka upande wa magharibi mkawaamkie wenzenu." Tukamwuliza ni wenzetu gani, akacheka tu, akafunga kitambaa chake.

Bustani hiyo huitwa Central Park. Urefu wake ni kilometa 4, upana wake mita 800, na eneo lake ekari 843, nayo imezungukwa pande zote na nyumba ndefu kama magenge ya mawe. Tuliingia kwa upande wa mashariki. Jambo la kwanza tulilolishika halikuwa weupe. Lilikuwa ni kimya. Theluji mpya ina hewa nyingi kati ya chembe zake, na hewa hiyo humeza sauti. Mji wa watu zaidi ya milioni 8 ulikuwa umenyamaza, hata tukasikia matawi yakidondosha mzigo wake, pu, kisha kimya tena. Na mwanga! Tulitembea tumekunja nyuso kama wavuvi watazamao bahari wakati wa adhuhuri.

Karibu na njia tukaona sanamu ya mbwa juu ya mwamba, na watoto wamempanda mgongoni. Ni Balto. Mwaka 1925 ugonjwa wa dondakoo uliingia katika mji wa Nome, huko Alaska, na kwa sababu ya baridi dawa ilipelekwa kwa magari ya theluji yakokotwayo na mbwa, watu wakipokezana njia yote. Balto aliongoza kundi la mwisho. Sanamu yake iliwekwa Desemba ya mwaka ule ule, na mgongo wake unang'aa kwa ajili ya watoto waliompanda miaka yote hiyo. Mwenzetu mmoja alimpapasa kichwa, akasema kwamba kwao mbwa hapewi heshima hii hata akiua chui.

Mbele kidogo pana kilima kiitwacho Pilgrim Hill, yaani Kilima cha Msafiri, na hapo ndipo tulipokawia kuliko po pote. Watu walikuwa mamia. Huchukua kibao, au sinia la plastiki, au sanduku la karatasi lililokatwa, hukalia, hujisukuma, na mara wako chini, wamegaagaa wote pamoja, wakicheka. Kisha hupanda tena. Tuliona bwana aliyevaa koti la thamani kubwa ameanguka kifudifudi mbele ya mtoto wa kazi, na yule mtoto akamwinua. Wazungu, weusi, Wachina, watu wa Meksiko, kila mtu alikuwa na theluji masikioni. Vijana wawili wakatuazima kibao. Mwenzetu mwenye mvi, ambaye nyumbani hapandi hata baiskeli, akakaa juu yake kwa adabu, kofia mkononi, akashuka kwa mbio akipiga ukelele wa kwao wa arusi. Watu wakampigia makofi. Alirudia mara tatu. Ya nne tulimkataza.

Yeyote aonaye vilima vile na maziwa yale hudhani viliumbwa hivyo. Sivyo. Mwaka 1858 Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux walishinda mashindano ya kuichora bustani hiyo. Miamba ikapasuliwa kwa baruti, udongo ukaletwa, miti ikapandwa, na barabara nne za kukatiza bustani zikashushwa chini kama mifereji, ili magari yasiwasumbue watembeao. Ziwa lilifunguliwa Desemba ya mwaka ule ule, watu wakaja kuteleza juu ya barafu. Maana yake furaha ya baridi ilitangulia bustani kumalizika. Olmsted alitaka mahali ambapo tajiri na maskini watachangamana, na siku ile tulikiri kwamba alifaulu.

Tukateremka kwenye chemchemi iitwayo Bethesda. Wasomaji wetu wanalijua birika la jina hilo katika Yohana sura ya 5. Malaika wa shaba asimamaye juu yake ni kazi ya mama mmoja, Emma Stebbins, naye alizinduliwa mwaka 1873, kuwa ukumbusho wa maji safi yaliyoletwa mjini kutoka mto Croton mwaka 1842, baada ya kipindupindu kuua watu wengi. Wakati wa baridi maji yake hufungwa. Mabawa yalikuwa yamejaa theluji, na shomoro mmoja alikuwa amekaa penye yungiyungi alilolishika malaika.

Kutoka hapo tukaelekea kaskazini, tukapita chini ya kasri dogo la mawe lenye vyombo vya kupimia hali ya hewa, kisha tukakata kwenda magharibi. Mama akasimama penye mteremko karibu na Mtaa wa 85. Tukatazama: miti, mwamba, theluji. Hapakuwa na mtu. "Hawa hapa," akasema.

Ndipo akatueleza. Mwaka 1825 watu weusi walianza kununua viwanja mahali hapo, wakati utumwa ulikuwa haujakomeshwa kabisa katika dola ya New York. Ulikoma mwaka 1827. Wa kwanza alikuwa Andrew Williams, kijana wa miaka 25 aliyefanya kazi ya kupiga viatu rangi. Mahali hapo pakaitwa Seneca Village. Kupata kiwanja hakukuwa jambo dogo, kwa kuwa mtu mweusi asiye na mali ya dola 250 hakuruhusiwa kupiga kura. Kufika mwaka 1855 walikaa humo watu wapatao 225, theluthi mbili weusi, waliobaki wengi wao Waairishi. Walikuwa na makanisa matatu, shule ya watoto wao, na makaburi. Kisha mji ukataka bustani. Wenye viwanja walilipwa, na wengi walilalamika kwamba bei haikutosha. Mwaka 1857 wote wakaondolewa.

Mwaka 2011 wataalamu walichimba hapo, wakakuta msingi wa nyumba ya William Godfrey Wilson, mtunza kanisa la All Angels. Wakapata birika la chuma la chai, vipande vya vyombo vya udongo, na kiatu cha mtoto, kidogo, chenye soli ya ngozi.

Sisi tumekwisha kuona nyumba za watunza kanisa nyingi; twajua jinsi birika la chai likaavyo mekoni. Hakuna aliyesema neno. Mama akaifuta theluji kwenye kibao cha habari kwa mkono wa koti lake, nasi tukakisoma chote, tumevua kofia, kwa sauti ndogo, tukipokezana sentensi. Tulipokuwa bado tunasoma wakaja watoto watatu wenye vibao vyao vya kutelezea, wakasimama nyuma yetu wakingoja kwa adabu, maana tulikuwa tumesimama juu ya njia yao ya kushukia. Tukawapisha.