Kusafisha picha za Kilimia: niliyofunzwa na walimu wawili

Najua wengi wenu huja hapa kusoma mambo ya hifadhidata na Python. Leo mnivumilie, tutaenda angani kidogo. Msiwe na wasiwasi, tarakilishi tutaibeba.

Tangu mwisho wa 2024 nimekuwa nikijifunza kusafisha picha za nyota. Sisemi kupiga, nasema kusafisha. Kamera ikikesha nje usiku kucha hukuletea faili nyeusi tititi zenye vidoti vichache. Mwanga wa vumbi lililo mbali huko umo ndani ya faili hizo, ila umezikwa chini ya kelele. Kuufukua bila kuuharibu ndio ufundi wenyewe.

Walimu wangu ni wawili. Wa kwanza ni mzee mmoja wa Nanyuki, mpima ardhi mstaafu, aliyepiga nyotamkia ya Halley kwa filamu mwaka 1986. Wa pili ni mama mmoja wa Afrika Kusini ambaye kwa miaka mingi alishughulikia picha za eksirei hospitalini. Huyo hunifunza kwa video kila Jumapili jioni. Hawajawahi kuonana na hawakubaliani katika mengi, na hapo ndipo nimepata faida kubwa.

Sababu ya haya yote ni ombi. Mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi niliyosomea alitaka picha kubwa ya Kilimia ya kutundika darasani. Kilimia ni kile kishada kidogo cha nyota ambacho Wazungu hukiita Pleiades. Jina letu linatokana na kulima, maana wakulima walikitazama kujua majira. Kiko umbali wa miaka ya nuru kama 440, na nyota zake zimezungukwa na vumbi linalong'aa rangi ya buluu kwa kutawanya mwanga wa nyota hizo. Sasa fikiria: watoto arobaini na kitu wataitazama picha ile kila siku na kuamini kila nukta iliyomo. Je, kila nukta ni ya kweli?

Tulipiga Nanyuki, mwanzoni mwa Desemba 2024, siku za mwezi mwandamo. Nanyuki ipo kwenye ikweta, kwa hivyo ile Nyota ya Kaskazini ambayo wenzetu wa Ulaya huitumia kulenga mtambo wa kufuata nyota, kwetu imelala kwenye upeo wa macho, nyuma ya miti na ukungu. Mzee hakujali. Alitoa dira na pima maji, akalenga, kisha akatazama nyota moja inavyopotea pole pole kwenye kioo cha kamera na kusahihisha hadi ikatulia. "Kijana," akaniambia, "ardhi na mbingu hupimwa kwa subira ile ile."

Tulipata picha 256, kila moja sekunde 60. Kwa nini nyingi hivyo? Kelele ni ya kubahatisha, lakini mwanga wa nyota haubahatishi. Ukitafuta wastani wa picha nyingi, uwiano wa mwanga kwa kelele hupanda kwa kipeuo cha pili cha idadi yake: picha 16 hukupa ubora mara 4, picha 64 mara 8, picha 256 mara 16. Yaani kila ukitaka kuongeza ubora maradufu, lipa mara nne. Waandishi wa programu, mnaijua hasara ya aina hiyo!

Kabla ya wastani kuna usafi. Kwanza picha za giza: unafunika lenzi na kupiga kwa muda ule ule na joto lile lile, upate kasoro za kamera yenyewe, kisha unazitoa. Pili picha za kitambaa: unafunika lenzi kwa fulana nyeupe na kupiga mwanga ulio sawasawa, upate vivuli vya pembeni na madoa ya vumbi, kisha unagawanya. Toa, halafu gawanya. Mzee alinikatalia kugusa kitu kingine chochote mpaka niweze kumweleza, bila kutazama daftari, kwa nini ya kwanza hutolewa na ya pili hugawanywa. (Jibu: kasoro za kamera hujiongeza juu ya mwanga, lakini kivuli hupunguza mwanga kwa sehemu yake.)

Setilaiti nazo? Zilipita nyingi. Hapo unachukua pikseli moja, unaangalia thamani zake 256, na zile zilizo mbali mno na wenzake unazitupa kabla ya kutafuta wastani. Mstari wa setilaiti hutoweka kabisa. Kazi hii nilifanya kwa Siril, programu ya bure ambayo msimbo wake uko wazi.

Sasa ndipo walimu wangu walipotofautiana. Taa za mji zilikuwa zimeacha weupe upande mmoja wa picha. Kuuondoa, unaweka vituo mahali penye anga tupu, programu inachora mteremko wa mwanga kupitia vituo hivyo na kuutoa. Lakini Kilimia hakina anga tupu la kuaminika. Kishada kile kinapita ndani ya wingu la vumbi, na vumbi limetapakaa mbali na nyota. Ukiweka kituo juu ya vumbi, programu itadhani ni taa za mji na kulifuta. Mzee alitaka mteremko ulionyooka tu, vituo vichache. Mama alitaka tusiguse chochote mpaka tujue kipi ni kipi. Akaniambia kwamba kazini kwake, kivuli kilichoongezwa au kilichofutwa kwenye eksirei kingeweza kumpeleka mtu kupasuliwa bure, au kumrudisha nyumbani na ugonjwa wake.

Ubishi huu si mgeni. Mwaka 1859 Wilhelm Tempel aliona kwa darubini wingu hafifu kando ya nyota Merope. Wengine walitazama wasilione, wakatilia shaka. Mwaka 1885 ndugu Paul na Prosper Henry wa Paris walipiga picha, ikaonyesha wingu jingine kando ya Maia. Picha ikawa shahidi. Lakini shahidi wetu wa leo anaweza kufundishwa la kusema.

Mama akanipa jaribio. Kilimia kilipita juu karibu na saa tano na nusu usiku. Nikagawa picha mafungu mawili: 128 za kabla ya saa hiyo, kikiwa mashariki, na 128 za baadaye, kikiwa magharibi. Kamera hufuata nyota, lakini mji haufuati nyota. Kwa hivyo mwanga wa mji lazima uhame ndani ya fremu, na vumbi lazima libaki pale pale. Nikasafisha kila fungu peke yake na kuyalinganisha, kama tunavyolinganisha matoleo mawili ya msimbo. Utepe mmoja wa kijivu niliokuwa nikiupenda sana ulihama. Mwingine, hafifu zaidi, ambao sikuwa nimeutilia maanani, ulibaki mahali pake katika mafungu yote mawili.

Tangu siku hiyo kila chombo hupita mtihani wa aina hiyo, hata hivi vya akili mnemba vinavyonoa nyota na kufuta kelele. Ninatoa picha ya baada kutoka picha ya kabla na kutazama mabaki. Mabaki yakiwa kelele tupu, sawa. Yakiwa na umbo la vumbi, chombo kimeiba au kimeongeza, na hakiingii.

Picha iko darasani sasa. Mwalimu aliipokea vizuri, ila aliniuliza kwa nini yetu imefifia kuliko zile za mtandaoni. Nikamletea nakala mbili ndogo, moja kwa kila fungu, naye akazitundika chini ya ile kubwa. Siku hizi kazi ya kwanza anayowapa wanafunzi wa darasa hilo ni kutafuta kilichohama.

Kwa leo ni hayo. Wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata, naahidi.