Fimbo ya Kakatua Mweusi

Nyumbani kwa bibi yangu palikuwa na kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, katika tundu lililotundikwa ukumbini. Kasuku huyo aliwaamkua wageni kwa sauti ya babu, hata baada ya babu kuzikwa. Wageni wakicheka, bibi hakucheka. Siku moja aliniambia: "Mjukuu wangu, huyu ana maneno yetu. Yake hatujapata kuyasikia."

Miaka ikapita, nikaanza kutunga. Mwalimu wangu wa mashairi alinirudishia daftari langu la kwanza akiwa ameandika neno moja tu: "Kasuku." Vina vilikuwa sawa, mizani ilitimia, ila sauti haikuwa yangu. Neno lile liliniuma mno, nikaacha kutunga kwa muda mrefu.

Aliyenirudisha ni ndege nisiyepata kumwona ila katika vitabu na picha. Ni kakatua mweusi, jamaa ya kasuku, akaaye kwenye misitu ya Guinea Mpya, visiwa vya Aru na rasi ya York kaskazini mwa Australia. Urefu wake hukaribia sentimita 60. Manyoya yake ni meusi, kishungi chake kirefu husimama anaposhtuka, na mashavu yake hayana manyoya, bali ngozi nyekundu iivayo zaidi anapopandwa na hisia.

Chakula chake ni matunda, machipukizi na mbegu, hasa kokwa za mkanari. Sisi watoto tulizivunja kungu kwa jiwe; yeye jiwe lake ni mdomo. Alfred Russel Wallace, aliyefika Aru mwaka 1857, alieleza jinsi ndege huyu anavyotia kipande cha jani mdomoni ili kokwa isiteleze, kisha akalivunja ganda lake gumu, na kukitoa kiini kidogo kidogo kwa ulimi.

Lakini kilichonigusa zaidi ni ngoma yake. Huko rasi ya York, dume huvunja kijiti, akakichonga kwa mdomo, akakishika kwa mguu na kugonga mti wenye uwazi mbele ya jike. Mwaka 2017, Robert Heinsohn na wenzake walitangaza matokeo ya kuyasikiliza madume 18: mapigo yao yana mpangilio, na kila dume ana mwendo wake. Jamii ni moja, miti ni ile ile, ila hakuna apigaye kama mwenzake.

Hapo nikamwelewa mwalimu wangu. Hakunikataza vina wala mizani. Hiyo ni miti tuliyoikuta. Alitaka kijiti nikichonge mwenyewe.

Na miti yenyewe haina budi kulindwa. Kakatua huyu hutaga yai moja tu, ndani ya shimo la mti mkongwe, na shimo la namna hiyo huchukua zaidi ya karne kufanyika. Moto na machimbo ya boksiti huiangusha miti hiyo kwa siku moja.

Kasuku wa bibi alifia tunduni. Nilimzika mwenyewe chini ya mkungu, na kwa mara ya kwanza nikajiuliza: huko msituni alikozaliwa, alikuwa akisema nini?